Maswali ya wasomaji: Leaf ya umeme au Vitz ya petroli?

Barua nyingi mwezi huu zimeuliza jambo moja kwa sura tofauti: kununua Nissan Leaf iliyotumika Japani, au kuchukua kigari kidogo cha petroli kinachonusa mafuta. Bei za magari tulizotumia ni zile walizotajiwa wasomaji wenyewe. Bei ya petroli na umeme hubadilika, kwa hiyo tumeonyesha hesabu nzima ili uweke namba za mwezi wako.

Ndugu wahariri, habari za kazi. Naishi Goba, nafanya kazi Posta. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 50, siku 5 kwa wiki, foleni juu. Ukijumlisha mizunguko ya wikiendi nafika kilomita 1,200 kwa mwezi. Nimetajiwa Vitz ya 2014 ya cc 1,000 kwa milioni 15, na Leaf ya 2018 yenye betri ya uniti 40 (kilowati-saa 40) kwa milioni 27. Sikukuu huwa tunakwenda Morogoro na familia. Kazini wananiambia Leaf itarudisha pesa yake ndani ya miaka miwili. Ni kweli? – Msomaji, Goba, Dar es Salaam

Kwa kilomita zako, hapana. Twende taratibu.

Vitz hiyo ina injini ya 1KR-FE yenye pistoni 3. Kwenye foleni ya Dar, AC ikiwaka muda wote, ihesabie kilomita 14 kwa lita na uachane na 20 na ushee za kwenye tangazo. Kilomita 1,200 zitakula lita 86. Tukiiweka petroli TSh 2,900, ni kama 249,000 kwa mwezi.

Leaf kwenye foleni iko nyumbani kwake. Ikisimama haichomi kitu zaidi ya AC, na ukikanyaga breki mota inageuka jenereta na kurudisha sehemu ya umeme kwenye betri. Ihesabie kilomita 6.5 kwa uniti moja, yaani uniti 185 kutoka kwenye betri. Lakini umeme wa LUKU hauingii wote: sehemu hupotea kama joto kwenye chaja na kwenye betri yenyewe. Katika kila uniti 100 unazonunua, kama 87 ndizo zinazofika. Kwa hiyo utanunua uniti 212. Kwa tarifu ya T1, ile ya matumizi ya kawaida, ambayo pamoja na kodi na tozo ni takriban TSh 355 kwa uniti, hiyo ni 75,000. Umeokoa 174,000. Ongeza 20,000 ya oili na filta ambazo Leaf haihitaji, unafika 194,000 kwa mwezi.

Hapa ndipo wengi wanaishia, na hapa ndipo wanapokosea. Kama nyumba yako iko kwenye D1, ile ya wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, unanunua uniti kwa TSh 100 kabla ya kodi. Ukianza kuchaji gari kwenye mita hiyo utavuka kiwango na kuhamishiwa T1, ambayo ni TSh 292 kabla ya kodi. Friji, feni na taa zako nazo zitaanza kulipiwa bei hiyo. Kwa nyumba iliyokuwa inatumia uniti 70, ni nyongeza ya kama 16,000 kila mwezi. Akiba yako sasa ni 178,000, sawa na milioni 2.1 kwa mwaka. Tofauti ya bei ni milioni 12. Itarudi baada ya miaka 5 na nusu hivi, na hapo hatujagusa bima kubwa, ambayo hupigwa kwa asilimia ya thamani ya gari.

Miaka 5 na nusu ya joto la Dar ni mingi kwa betri ya Leaf. Betri hiyo haina mfumo wa maji ya kuipoza. Inategemea hewa inayopita chini ya gari tu. Joto ndilo linaloizeesha, na Dar haipoi vya kutosha hata usiku. Dhamana ya betri aliyopewa mnunuzi wa kwanza Japani haikufuati huku.

Kuhusu Morogoro: betri ya uniti 40 iliyobaki na afya ya asilimia 85 itakupa uniti 32 hivi za kutumia. Kwa mwendo wa 80 barabara kuu, AC ikiwaka, kilomita 6 kwa uniti, unapata kilomita 192. Safari yenyewe ni kama 190 na ushee, tena unapanda hadi mita 500 hivi juu ya usawa wa bahari. Kupanda huko peke yake kunakula zaidi ya uniti 2. Hutafika bila kuchaji njiani, na soketi ya kawaida inakupa kama kilomita 12 kwa kila saa ya kusubiri. Na watoto wako ndani.

Nunua Vitz. Ila shika kipimo hiki, kwa sababu jibu linageuka: Leaf inaokoa kama TSh 160 kwa kila kilomita, kabla ya ile nyongeza ya kuhama D1. Gawanya tofauti ya bei kwa 160 na utapata kilomita za kurudisha pesa. Kwako ni 75,000. Anayekwenda kilomita 2,500 kwa mwezi anazimaliza kwa miaka miwili na nusu, na huyo tungemjibu vingine kabisa.

Hamjambo. Mimi ni dereva wa teksi za programu hapa Nairobi. Natembea kilomita 130 kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Vitz ya 2018 naipata kwa 1,250,000, Leaf ya 2018 ya uniti 40 kwa 1,750,000, zote zimeshasajiliwa. Nifanyeje? – Msomaji, Kasarani

Hatujambo. Wewe ndiye Leaf ilitengenezewa, mradi una mahali pa kuchajia usiku.

Kilomita zako ni 3,380 kwa mwezi. Vitz kwa kilomita 15 kwa lita itakunywea lita 225. Petroli ikiwa KSh 185, ni 41,600. Leaf kwa kilomita 7 kwa uniti, ukiongeza kinachopotea wakati wa kuchaji, itataka uniti 555. Ukihesabu KSh 30 kwa uniti, kodi na tozo zikiwamo, ni 16,650. Ongeza oili ambayo ungebadilisha kila kilomita 5,000, na unaokoa karibu 29,500 kwa mwezi. Laki tano ya tofauti inarudi kwa miezi 17. Tangu 2023 kuna pia tarifu maalumu ya kuchajia vyombo vya umeme, yenye bei ya chini zaidi usiku. Inataka mita yake peke yake, kwa hiyo muulize mwenye nyumba kabla hujaitegemea.

Hali ya hewa nayo iko upande wako. Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, usiku kuna baridi, na betri inapata nafasi ya kupoa. Leaf ileile ikipelekwa Mombasa haitazeeka sawa.

Sasa sharti. Kwa siku unatumia uniti 19 hivi za betri, ambazo ni 21 na ushee ukutani. Leaf nyingi za Japani zina chaja ya ndani ya kilowati 3, chache zina ya 6. Kwa kilowati 3 unahitaji saa 7 kila usiku. Kwa chaja ndogo ya amp 10 ni saa 9 na zaidi, na ukichelewa kurudi hutajaza. Kama unaishi ghorofani na pakingi haina soketi, utategemea vituo vya kuchajia. Hata ukilipa KSh 50 kwa uniti, kilomita bado inakugharimu kama 8, wakati Vitz ni 12. Lakini utakaa nusu saa au zaidi bila abiria, na kuchaji kwa kasi kila siku kunapasha betri moto. Leaf ya uniti 40 ikichajiwa kwa kasi mara mbili tatu kwa siku moja, yenyewe hupunguza kasi ya kupokea umeme ili kujilinda, na kuchaji kwa dakika 40 kunakuwa kwa saa nzima.

Angalia pia mdomo wa chaja. Leaf inatumia CHAdeMO kwa kuchaji haraka na Type 1 kwa kuchaji polepole. Vituo vingine vina mdomo wa aina nyingine, CCS2, peke yake. Vizungukie unavyopanga kuvitumia uone kwa macho kabla hujalipa.

Nimeona Leaf ya 2014 kwenye tovuti ya magari ya Japani. Muuzaji anasema betri ni nzima, vijisanduku vyote 12 vipo. Nitajuaje kama ni kweli? – Msomaji, Arusha

Vijisanduku 12 vya afya ya betri kwenye dashibodi ni ushahidi dhaifu. Cha kwanza hakizimiki mpaka betri ipoteze kama asilimia 15, kwa hiyo gari lenye 12 linaweza kuwa na afya ya 99 au ya 86. Baada ya hapo kila kimoja ni kama asilimia 6. Ukiona 9, betri imebaki na asilimia 72 hivi. Kwa Leaf ya uniti 24 hizo ni kama kilomita 100 mjini ukienda kwa adabu.

Baya zaidi, vijisanduku vinaweza kurudishwa. Kompyuta ya betri ikifutwa kumbukumbu, dashibodi inaonyesha 12 hata kwa betri iliyochoka, kisha vinaanza kupotea tena baada ya muda wa kuendesha. Kwa hiyo mwambie muuzaji akutumie picha za programu ya LeafSpy. Inafanya kazi kwenye simu, ikiunganishwa na kifaa kidogo cha Bluetooth kinachochomekwa kwenye soketi ya kupimia gari (OBD2) chini ya usukani. Unataka kuona vitu vitatu.

Cha kwanza ni SOH, yaani afya ya betri kwa asilimia. Cha pili ni idadi ya mara gari lilipochajiwa kwa kasi: mamia mengi kwenye gari lenye kilomita chache inaeleza maisha liliyoishi. Cha tatu ndicho wengi hawakiangalii: volti za jozi 96 za seli zinazounda betri. Programu inazichora kama nguzo zilizopangwa mstari. Betri nzuri ina nguzo zinazolingana, tofauti kati ya ya juu na ya chini ikiwa milivolti 20 au chini. Ila picha ichukuliwe chaji ikiwa chini ya asilimia 30, kwa sababu seli dhaifu hujificha betri ikiwa imejaa na kuonekana inapokaribia kwisha. Ukiona nguzo moja imezama kwa milivolti 100 au zaidi, gari hilo litakuzimikia njiani huku dashibodi ikionyesha bado lina chaji.

Kama gari liko mbele yako, lijaribu bila kifaa chochote. Soma asilimia ya chaji, futa tripu, endesha bila kuzima, kisha soma tena. Mfano: umekwenda kilomita 40, dashibodi inasema wastani ni kilomita 7 kwa uniti, chaji imeshuka kutoka 90 hadi 50. Umetumia uniti 5.7 kwa asilimia 40, kwa hiyo betri nzima ina uniti 14 hivi. Leaf ya uniti 24 ikiwa mpya hukupa 21 na ushee za kutumia. Hapo unajua unachonunua, vijisanduku viseme vitakavyosema.

Usiondoke kabla hujaona linachaji kwa waya litakaloondoka nao. Nyaya nyingi za Japani zina plagi isiyoingia kwenye soketi zetu. Tenga pesa ya chaja ya volti 220–240 yenye mdomo wa Type 1.

Chaja ya gari langu inazima usiku wa manane, na soketi ukutani imegeuka rangi ya kahawia. Fundi anasema nibadilishe soketi tu. – Msomaji, Mombasa

Acha kuitumia soketi hiyo leo. Birika linavuta amp 10 kwa dakika chache. Gari linavuta hizo hizo kwa saa 8 bila kupumzika. Skrubu iliyolegea kidogo tu nyuma ya soketi inatoa joto, joto linazidi kuilegeza, na mwisho wake ni plastiki iliyoyeyuka au moto. Ukiweka soketi mpya kwenye waya uleule wa zamani unaoshirikiana na jikoni, utarudi hapohapo.

Vuta laini ya peke yake kutoka bodi kuu. Kwa amp 16, waya wa milimita 4 za mraba unatosha ikiwa umbali hauzidi mita 20 hivi. Zaidi ya hapo tumia wa 6. Weka sakitibreka ya amp 20 na swichi ya kukata umeme ukivuja, ya milliamp 30, aina ya A. Mwisho wa laini weka soketi ya bluu ya viwandani ya amp 16, si ile ya ukutani ya amp 13. Ukiwa bado huna hizo, shusha chaja hadi amp 6 au 8 kama ina kitufe cha kupunguzia, na usitumie ekstensheni, hasa iliyoviringishwa.

Kuna jambo moja tunaomba ulisikie vizuri. Chaja nyingi zikikosa waya wa ethi zinawasha taa nyekundu na kukataa kazi. Wapo mafundi wanaounganisha ethi na nyutro kwenye plagi ili kuidanganya chaja. Inachaji, ndiyo. Lakini nyutro ikikatika mahali fulani, bodi nzima ya gari inaweza kuwa na volti 240, na wa kwanza kuigusa huenda akawa mtoto. Chimbia fimbo ya ethi, ipimwe, na kazi ifanywe na fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya.

Leaf yangu ina chaji asilimia 70 lakini imekufa kabisa, hata milango haifunguki kwa rimoti. – Msomaji, Dodoma

Ni betri ndogo ya volti 12, ileile ya kawaida ya asidi. Ndiyo inayowasha kompyuta na kufunga swichi kubwa za betri kuu. Ikilala, uniti 40 zilizo chini ya sakafu hazina msaada. Fungua mlango kwa ufunguo mdogo uliofichwa ndani ya rimoti, pima betri hiyo: chini ya volti 12 imeisha. Unaweza kuibusti kutoka gari jingine, gari likawaka na kuanza kuichaji lenyewe. Ikirudia ndani ya wiki, nunua mpya. Ila usitumie Leaf kubusti gari la petroli. Starta inavuta amp nyingi kuliko kifaa kinachochaji betri hiyo kinavyoweza kutoa.

Nyaya nene za rangi ya chungwa usiziguse, wala usimruhusu fundi asiye na glavu za volti 1,000. Zina volti zaidi ya 350 za mkondo mnyoofu.

Nilinunua Vitz cc 1,000 kwa ajili ya mafuta, lakini inakwenda kilomita 9 kwa lita. Bora ningenunua ya umeme? – Msomaji, Mwanza

Kwanza hakikisha namba yenyewe. Jaza tangi hadi bomba lijikate, futa tripu, tembea kilomita 200 na zaidi, jaza tena pampu ileile, gawanya kilomita kwa lita. Mshale wa mafuta si kipimo.

Ikiwa ni 9 kweli, gari lina ugonjwa, na mara nyingi ni themostati, valvu inayozuia maji ya kupozea mpaka injini ipate joto. Mafundi wengi huku kwetu huing'oa wakidhani wanazuia injini kuchemka. Bila hiyo, maji yanazunguka muda wote, injini haifikii joto lake la kazi, na kompyuta inaendelea kumwaga petroli kama ya asubuhi. Kwenye Vitz nyingi utaona taa ya bluu ya baridi inachelewa kuzimika, au inarudi ukiwa kwenye mteremko. Rudisha themostati, weka kulanti badala ya maji ya bomba, na uangalie kama feni inafanya kazi.

Ikiwa themostati ipo, fuata filta ya hewa, plagi 3 (za bandia za iridiamu zimejaa madukani), upepo wa matairi, kisha breki zinazobana. Gusa rimu nne baada ya mwendo. Yenye moto kuliko wenzake ndiyo inayovuta. Sensa ya oksijeni ipimwe kwa mashine kabla ya kununuliwa nyingine. Na uliza gia boksi iliwekwa oili gani: hii ni CVT (otomatiki isiyo na hatua za gia), na oili ya gia ya kawaida ya otomatiki inaifanya iteleze, inywe mafuta, kisha ife. Matengenezo hayo yote hayafiki hata sehemu ndogo ya bei ya Leaf.

Hakuna cha katikati? Natembea kilomita 1,800 kwa mwezi na nasafiri mikoani mara kwa mara. – Msomaji, Tanga

Kipo, Toyota Aqua. Injini ya cc 1,500 pamoja na mota ya umeme, haichomekwi popote, na kilomita 20 kwa lita inazifikia bila kubembelezwa. Mikoani utajaza petroli kama kila mtu. Betri yake kubwa iko chini ya kiti cha nyuma na inapozwa kwa feni inayovuta hewa ya ndani ya gari kupitia matundu pembeni mwa kiti hicho. Hapo ndipo Aqua nyingi zinapokufia: vumbi na nywele za zulia zinaziba kichujio, betri inachemka, taa ya onyo inawaka. Kisafishe kila ukibadilisha oili, usirundike mizigo mbele ya matundu, na kabla ya kununua kitoe ukiangalie. Kikiwa kimefunikwa na vumbi zito la kijivu, jua betri hiyo imekuwa ikipikwa, na ipimwe kwa mashine kabla hujataja bei.